Utepe Juu ya Mtama

Ndani ya kompyuta yangu kuna faili moja linaitwa MKUBWA. Nikilipita naangalia pembeni, kama mtu anayepishana njiani na jirani aliyemkosea. Lenyewe halina ubaya wowote, ukilifungua linaongea vizuri sana. Ubaya ni wangu, na nimeona niuandike wakati wifi yangu bado yuko hai wa kunisahihisha.

Majina sitayaandika. Wanaonijua huku Murungu watashangaa, maana mimi ndiye ninayeitwa kwenye vikao vya ukoo niseme nani alizaliwa na nani, nani aliolewa wapi, na yule mtoto aliyefia njiani wakati tunavuka mpaka kuja huku alikuwa anaitwaje. Nayajua yote. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina likiingia sikioni mwangu halitoki tena. Hapa nayaacha kwa sababu habari yenyewe ni ya jina moja tu, na kama hilo siwezi kuliandika, sioni kwa nini mengine yapate nafasi.

Kompyuta ililetwa na binti yangu anayefanya kazi Kasulu. Kuna ofisi ilikuwa upande wa kambi ya Nyarugusu, ikafungwa, vitu vyake vikapigwa mnada: viti, makabati, matenki ya maji, na kompyuta za zamani zile zenye kasha kubwa. Akanunua moja, akaileta nyumbani ili aitumie akija likizo. Alipokuja likizo akanikuta nimeshaikalia, hanitoi.

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia redio kaseti na sanduku la kanda. Zamani hizo redio yetu ndiyo ilikuwa peke yake mlimani yenye kile kitufe chekundu cha kurekodi, na watu walikuja kwetu kusema barua. Ndiyo, kusema. Mtu asiyejua kuandika anakaa kwenye kigoda, mume wangu anambonyezea, naye anazungumza na mtu wake aliye mbali: mtoto aliyebaki ng'ambo, ndugu aliyepelekwa kambi nyingine. Kanda inafungwa kwenye kitambaa, anapewa msafiri. Nyingine zilifika. Nyingine zilirudi na huyo huyo msafiri, na nyingine hazikuondoka kabisa. Hizo ndizo zilizojaa sandukuni, na hakuna hata moja iliyoandikwa ni ya nani. Mume wangu alitaka kuziandika, nikamkatalia. Nilimwambia, "Wino wa nini na mimi nipo? Nikisikia mtu anavuta pumzi tu nitakutajia na baba yake."

Basi binti yangu akanionyesha kwamba sauti zile zinaweza kuhamia kwenye kompyuta. Unachukua waya mwembamba, upande mmoja unachomeka kwenye redio pale pa kusikilizia masikioni, upande wa pili nyuma ya kasha. Nyuma ya kasha kuna matundu ya rangi. Mwanzo nilichomeka la kijani, nikakaa mbele ya kioo asubuhi nzima naambulia kimya. Kumbe la kurekodia ni lile la waridi. Ukipatia, kwenye kioo inatokea sauti kwa umbo la vilima, vinapanda na kushuka, kama umesimama Kibondo unaangalia upande wa Kasulu. Mtu akinyamaza, vilima vinaisha, unabaki uwanda. Nikikaa kuangalia vilima vile nasahau hata jikoni.

Na mashine yenyewe ilikuwa na tabia zake. Kila ukiiwasha imesahau mwaka, inadhani mimi bado nanyonyesha. Siku za kwanza nilikuwa narekebisha tarehe, baadaye nikaiacha na ujana wake. Sisimizi waliingia ndani ya kasha wakaweka makao, mpaka nikawatoa kwa manyoya ya kuku. Kuku mwenyewe, yule mwekundu, aligundua kwamba juu ya kasha kuna joto, akataga. Nikimfukuza anarudi. Mwisho nikampa kikapu kando yake, tukawa tunafanya kazi wote wawili, mimi nahamisha sauti, yeye ameatamia. Feni ilikuwa inanguruma kama jiwe la kusagia. Umeme ukikatika katikati ya kanda, basi, unaanza upya. Kanda nyingine zilikuwa na ukungu, nyingine utepe umekatika, naunganisha kwa selotepu nyembamba na kuzungusha kwa kalamu ya Biki, taratibu, bila kuvuta.

Kitu kilichonisumbua kuliko vyote ni maswali. Ile mashine haifanyi jambo bila kuuliza, na inauliza kwa Kiingereza. Nilimlalamikia binti yangu.

"Mama," akaniambia, "ikikuuliza, bonyeza kile cha kushoto. Cha kushoto ndiyo 'ndiyo'."

"Na kama sitaki?"

"Mama, wewe unahifadhi tu. Utakosaje kutaka?"

Nikalishika hilo. Ikiuliza, kushoto. Ikiuliza tena, kushoto. Haikunijia kwamba siku moja itauliza kitu ambacho mtu anapaswa kwanza kufikiri.

Habari zikaenea. Watu wakawa wanakuja, wanakaa sebuleni na viatu vyao mlangoni, nawachezea. Mzee mmoja wa kanisani alimsikia kaka yake akikohoa, kukohoa tu kabla hajaanza kusema, akafunika uso kwa kofia. "Ndiye," akasema. "Kikohozi chake kile." Walinishukuru kama vile mimi ndiye niliyewafufua. Wajukuu wakaniita Bibi Kompyuta, wakidhani wananitania. Nilipenda. Nilikuwa nikipita sokoni napunguza mwendo kidogo ili niitwe.

Ndipo nikafika kwenye kanda ya mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa ajili ya vijana. Wanawake wa kwetu walikuwa na salamu ndefu, akazehe, ya kumwamkia mtu uliyemkosa muda mrefu. Mnakumbatiana, mmoja anaimba salamu bila kuchukua pumzi unayoweza kuiona, anamuulizia watoto, ng'ombe, majirani, waliokufa na walio hai, na yule anayesalimiwa anaitikia chini chini, "ego, ego," yaani ndiyo, anaingia pale mwenzake anapoacha nafasi. Mmoja peke yake hawezi. Ikiimbwa na mmoja ni kama kutwanga kwa mchi mmoja kinu kilichozoea miwili.

Mama mkwe alirekodi salamu hiyo kwa binti yake, huyo wifi yangu, aliyekuwa ameolewa ng'ambo, na njia zikafungwa. Siku anarekodi mimi nilitoka nje kwa heshima, nikaenda kuchambua maharage. Msafiri aliyepewa ile kanda hakuwahi kuvuka, akairudisha sandukuni bila kumwambia mtu. Mama mkwe akafariki akiamini binti yake amesalimiwa. Sisi wote tuliamini hivyo. Wifi alipofaulu kuja huku kaburi lilikuwa limeshaota majani, na hakuna aliyemuuliza kama aliipata, wala yeye hakujua kwamba kuna kitu alipaswa kukipata.

Nikasikia sasa, mbele ya kioo, miaka yote hiyo imepita, yule mama akivuta pumzi na kuanza. Ameacha nafasi zote za kuitikia. Vilima, halafu uwanda mdogo. Vilima, halafu uwanda mdogo. Na alipofika katikati akajitaja. Hakusema mama wa fulani, wala lile jina alilobatizwa. Alijitaja kwa jina lake la usichana, alilopewa na baba yake.

Jina hilo nilikuwa silijui. Mimi! Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linalala, anabaki mama wa mtoto wake wa kwanza, na mtoto hamuulizi mama yake alikuwa anaitwaje kabla. Wa rika lake wameshazikwa wote. Nilipolisikia nilijua kwamba chini ya jua hili nimebaki peke yangu ninayelijua. Na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kulitamka. Mke hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe, awe hai au amekufa. Kinywa changu kilikuwa safi kwa jambo hilo tangu naolewa, na ukoo mzima ulinisifia. Kuliandika pia sikuweza. Kuandika ni kutamka kwa kidole.

Kompyuta ikauliza faili liitwe nani. Nikaandika MKUBWA, maana ndivyo nilivyokuwa nawaita wote wawili, yeye na mumewe, kwa heshima. Nikabonyeza kushoto.

Kisha nikampigia wifi simu. Yeye anaishi Titye, kwa mtoto wa kaka yake, mguu unamsumbua.

"Wifi, umekaa?"

"Nimelala. Wazee wanakaa? Sema, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama yako anakusalimia."

Nikasikia kitanda kikilia, ameinuka. Akasema, "Wewe mwanamke, mashine imekuharibu kichwa." Nikamweleza yote. Nikamwambia nisogeze simu asikie hata kidogo. Akanikemea.

"Usithubutu! Salamu ya mama yangu niipokelee kwenye simu kama mtu anayeulizwa bei ya mihogo? Nitakuja. Mguu ukipoa nitakuja nisimame niitikie. Mwambie anisubiri."

"Nitamwambia," nikajibu, tukacheka.

Msimu ule ndege walikuwa wabaya. Nilikuwa na kishamba cha mtama nyuma ya nyumba, wanashuka kama mvua ya mawe. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba utepe wa kanda ukiuvuta juu ya shamba, kutoka mti hadi mti, unametameta juani na upepo ukiupiga unalia, ndege wanauogopa. Nami sandukuni nilikuwa na kanda ambazo sauti zake zimeshahamia kwenye kompyuta. Nilifikiri hivi: karanga imeliwa, ganda la nini? Nikazivunja moja moja, nikavuta tepe zote juu ya mtama wangu. Majirani wakaja kuomba, nikawagawia. Niliona fahari na hilo pia. Jioni upepo ukitoka bondeni shamba lote lilikuwa linavuma, nami nakaa barazani nasikiliza nikijiona nina akili kuliko watu wote.

Zikabaki kanda chache ambazo nilikuwa sijazihamisha. Mojawapo ni ya baba mkwe, anahutubia kwenye mahari ya mwanawe mdogo, anamsifia ng'ombe mpaka watu wanapiga makofi. Nikaihamisha. Kompyuta ikauliza faili liitwe nani. Nikaandika kama ninavyomwita siku zote, MKUBWA. Ikaleta swali lingine, dirisha dogo katikati ya kioo. Kuku alikuwa anatotoa siku hiyo, vifaranga wanalia kikapuni, nikawa naangalia huko. Nikabonyeza kushoto.

Wifi alipiga simu mtama ulipokaribia kuiva. "Mguu umepoa. Naja wiki hii. Pika isombe ya majani ya muhogo, uweke na mawese, na usiniletee mambo ya mchuzi wa wagonjwa." Nikafurahi, nikawasha kompyuta ili nijaribu spika zisije zikaniaibisha. Nikafungua MKUBWA. Baba mkwe akaanza kumsifia ng'ombe.

Nikafungua tena. Ng'ombe. Nikatafuta huku na huku kwenye mafaili yote, nikiwataja wenyewe mmoja mmoja kwa sauti, huyu ni fulani, huyu ni fulani, na yeye hayumo. Ndipo lile dirisha dogo likanijia, na kidole changu kikienda kushoto.

Nilifunga kasha kwenye kanga nikapanda nalo bodaboda hadi Kibondo mjini, kwa kijana wa steshenari ambaye pia ni fundi. Wazee wake walitoka pwani, ana maneno matamu hata akikukatalia. Akaiangalia mchana kutwa, mimi nimekaa kwenye benchi lake kama mtu aliyeleta mgonjwa.

"Bibi," akasema mwisho, "ingekuwa imefutwa, ningesema tujaribu. Hii haikufutwa, imeandikiwa juu. Mtu kakaa mahali pa mtu. Lakini wala usihuzunike, bibi yangu. Kanda yenyewe si unayo? Tunairudia, tunamaliza."

Nikamjibu ninayo. Niliona haya hata mbele ya mgeni.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja shambani. Tepe zilikuwa bado zinametameta. Nilikata kipande huku, kipande kule, nikakiviringisha kwenye kasha tupu la kanda kwa kalamu, nikaweka kwenye redio. Hakuna kitu, ni kuvuma tu. Jua na mvua vilikuwa vimezilamba, ukizishika ule weusi unabaki vidoleni kama masizi. Na mimi niliyejisifu kwamba nikisikia pumzi namtaja mtu, nilisimama katikati ya mtama nikaangalia tepe zile, na sikujua ni upi.

Sasa nitasema jambo ambalo ningependa kulipita. Wifi alipokuja nilimdanganya.

Alifika kwa gari dogo la abiria, akashuka na fimbo yake na kitenge kipya. Alikuwa ameoga vizuri na kujipaka mafuta, kama mtu anayekwenda kanisani. Tulisalimiana kawaida, haraka, maana aliitunza salamu kubwa. Akaingia ndani, hakutaka hata maji. Akasimama mbele ya kompyuta, akaegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mikono kidogo.

"Haya," akasema. "Mwite."

"Wifi, umeme ulikuja na nguvu, ukaiunguza. Mashine imekufa."

Akaangalia kioo. Nilikuwa sijaizima, mistari ilikuwa inacheza yenyewe pale.

"Imekufa na inawaka taa?"

"Ndani ndiko kumekufa."

"Ntaco," akasema, kwa kwetu ni kama kusema si kitu. "Redio si ile pale? Weka kanda. Si ilitoka kwenye kanda?"

Nikawa sina pa kwenda. Mtu mzima, bibi wa watu, nimesimama nimekunja kona ya kanga. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu jina nililoogopa kuandika, na swali, na kushoto, na mtama. Sikulia, maana nilijua nikilia atalazimika kunibembeleza, na hiyo ingekuwa kumuibia mara ya pili.

Alichukua fimbo akatoka mlango wa nyuma, akaenda polepole hadi ukingoni mwa shamba. Nilimfuata kwa mbali. Upepo ulikuwa umeanza kutoka bondeni, tepe zinavuma.

"Ni upi?" akauliza bila kugeuka.

"Sijui, wifi. Zinafanana."

Alisikiliza kwa muda. Kisha akasema, "Mama alikuwa anawachukia ndege. Basi umempa kazi yake." Nikadhani anacheka, mabega yalikuwa yanatikisika. Hakuwa anacheka.

Tulikaa chini pale pale kwenye jiwe la kunolea majembe. Baadaye akaniita wifi kwa lugha ya kwetu, "Muramukazi, wewe si ndiye hukosi neno? Umemsikia. Alisemaje?"

"Nikwambie?"

"Uniambie kwani mimi polisi? Imba."

Sikuwahi kuwa na sauti nzuri. Ila maneno nilikuwa nayo yote, hata pale alipokohoa nilipakumbuka. Nikamshika mabega kama inavyopaswa, nikaanza. Akaanza kuitikia, "ego, ego," mwanzoni kwa hasira, akinipiga kidogo mgongoni kila akiitika, halafu akaingia vizuri kwenye nafasi ambazo mama yake aliziacha. Nikamuulizia watoto wake kwa maneno ya mama yake. Nikamuulizia wale ambao mama yake alidhani bado wako hai. Aliitikia kwa wote, hata hao.

Nikafika pale. Nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Hapo siwezi."

"Umesahau?"

"Sijasahau."

"Sasa?"

"Anajitaja."

Akaelewa, akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Hapo niachie mimi, mimi ni mtoto wake," akasema, akalitaja lile la ubatizo.

"Siyo hilo."

Akataja mama wa fulani.

"Siyo hilo, wifi. Ni jina lake la kwetu. La usichana."

Sitasahau uso wake. Alikuwa mzee kuliko mimi, na pale alikuwa kama mtoto aliyefika mlangoni akakuta wameshafunga. "Mama alikuwa na jina?" akauliza. Halafu akasema taratibu, "Na wewe unalo."

Nilimwomba nikamtafute binti yangu alitaje yeye. Akaniuliza binti yangu atalijua vipi kama simtajii. Nikasema nitaliandika. "Na nani atanisomea? Kuku?" Upepo ulikuwa unavuma juu yetu. Nilifikiria kinywa changu na sifa zake, tangu siku niliyoingizwa kwenye ule ukoo nimefunikwa kichwa. Nilifikiria pia kwamba nisipolisema nitakuwa nimemwandikia yule mama juu kwa mara nyingine, na safari hii sitakuwa na mashine ya kusingizia.

Nikageuza uso upande wa mtama, nikamshika wifi mabega bila kumwangalia, nikaendelea kuimba pale nilipoachia. Nikalitaja.

Lilitoka likiwa na sauti mbaya, kama mlango uliokwama. Masikio yaliniwaka. Nilitamani ardhi ya Murungu inifungulie.

"Ego," wifi akaitika. Mara moja tu, ndefu. Tukamaliza salamu yote.

Tulipomaliza alijifuta kwa kitenge chake kipya, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mke wa kaka yangu," akasema, "umemtaja mkweo mchana kweupe, tena kwa kuimba."

"Wifi, nisitiri."

"Nikusitiri nini? Nikiulizwa nitasema sikusikia. Mguu ukiuma na masikio yanaziba, hujui?" Akainuka, akaegemea fimbo. "Isombe iko wapi? Au nayo umeivutia ndege?"

Mle ndani kompyuta ilikuwa bado inawaka. Nilimuuliza kama anataka turudie, nirekodi, jina lisije likapotea nikifa. Alifikiri hilo huku anakula. Akasema hapana. Kama ni kurekodi atajirekodi yeye siku nyingine, kwa sauti yake, akiwa amelizoea. Sauti ya mkamwana inayotaja jina la mkwe isihifadhiwe popote. "Hiyo," akasema, "tuiache ipite na upepo." Nikaizima.

Tangu hapo amerudi kwake Titye, na mguu umemshika tena. Mtama nimeshavuna, tepe nimezitoa, nimezifukia chini ya mgomba kwa sababu sikujua la kuzifanyia. Majirani bado wanakuja na kanda zao, nami bado nazihamisha, lakini nazirudisha kwa wenyewe na utepe wake ndani, na mashine ikiuliza naita mtu anisomee kwanza.

Na wifi ananipigia simu. Sijui kama ni adhabu au ni mapenzi, na simuulizi. Hasalimii, haulizi hali. Analitaja tu lile jina, vizuri, kwa sauti ya mtu anayemwita mama yake kutoka upande wa pili wa bonde, kisha anangoja. Nami peke yangu chumbani, na kuku tu ndiye ananiona, nainamisha uso.

"Ego," naitika.